Maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu akwariamu na samaki wa Ziwa Victoria

Maswali haya yametoka kwa wageni wenyewe: wanafunzi, walimu, wavuvi wa mialo ya karibu na Entebbe, familia zinazoshuka kutoka Kampala siku ya Jumapili, na wageni wa Kenya, Tanzania na Kongo ambao kila mmoja ana jina lake la samaki yuleyule. Tumeanza na lile linaloulizwa kwa sauti kubwa kuliko yote.

Nimelipa kiingilio, mbona naona visamaki vidogo tu? Papa wako wapi?

Papa hatuna, wala hatuna mpango naye. Ni wa maji ya chumvi, anataka tangi kubwa mno na umeme usiokatika, na ukimtaka sana yupo katika miji mingi ya dunia. Hao unaowaita visamaki ni nkejje, ambao Watanzania huwaita furu na Wajaluo fulu. Ziwa Victoria na vijiziwa vinavyolizunguka vilikuwa na zaidi ya spishi 500 za jamii hii, karibu zote hazipatikani kwingineko.

Simama mbele ya tangi moja dakika tano kabla hujaondoka. Utaona mmoja anakwangua ukungu wa kijani juu ya mawe, mwingine anaokota wadudu mchangani, mwingine anavunja konokono kwa taya la pili lililo kooni. Wapo wanaokula samaki wenzao, na wapo waliobobea katika wizi wa ajabu: wanamwandama jike anayelea makinda mdomoni hadi ayateme, kisha wanayala. Wanajiolojia wanaona kwamba ziwa hili lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena. Maana yake samaki wa aina nyingi hivi wametokea katika muda ambao kwa hesabu za viumbe ni mfupi sana, na ndiyo sababu wataalamu wa mageuzi ya viumbe hawaachi kuja huku.

Na ndiyo, ni walewale wanaokaushwa na kusagwa kwa ajili ya mtoto aliyedhoofika au aliyeugua surua. Bibi wengi wa Buganda wanawajua nkejje kuliko mwongozaji yeyote wa akwariamu.

Akwariamu ina tofauti gani na bwawa la kufugia ngege (perege)?

Bwawa linazalisha chakula: samaki wakue upesi, wauzwe. Hapa samaki hauzwi, na tunafurahi akizeeka. Lakini utaalamu unafanana sana, na mfugaji anayejua kusoma maji yake angeweza kufanya kazi kwetu bila shida.

Ni kweli sangara alimaliza samaki wengine wa ziwa?

Alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila hakuwa peke yake, na hakujileta.

Sangara, au mputa kama tunavyomwita Uganda, ni mwenyeji wa Ziwa Albert na Naili iliyo chini ya Maporomoko ya Murchison. Maporomoko yale yalimzuia kupanda hadi Kyoga na Victoria. Watu ndio waliombeba. Alianza kuonekana Ziwa Victoria miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapandikizwa rasmi. Nia ilikuwa kugeuza nkejje, ambao maofisa wa uvuvi wa wakati ule waliwaona kama takataka zenye miiba, kuwa minofu ya samaki mkubwa. Si kwamba hakuna aliyeonya: mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo mwaka 1960. Kwa miaka ishirini hivi ikaonekana kama hakuna lililoharibika. Halafu, miaka ya 1980, sangara wakafurika na nkejje wakaporomoka. Kadirio linalotajwa sana ni kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka.

Wakati huohuo maji yenyewe yalikuwa yanachafuka. Mbolea, majitaka na udongo unaomomonyoka vilirutubisha mwani, maji yakapoteza uangavu, na sehemu za chini zikakosa oksijeni. Gugu maji likaja mwishoni mwa miaka ya 1980. Sangara naye, kwa kuwa ana mafuta mengi na hakauki juani kama nkejje, alitaka kuni za kumkausha kwa moshi, kwa hiyo miti ya visiwani na ya mwambao ikakatwa, udongo zaidi ukaingia ziwani.

Mvuvi akisimama hapa na kutuambia kwamba sangara ndiye aliyemsomeshea watoto, hatubishani naye. Ni kweli. Viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni vimetoka kwa samaki huyo. Tunachokataa ni hadithi kwamba kabla yake ziwa lilikuwa tupu.

Kuna habari njema kidogo. Tangu miaka ya 1990, sangara walipoanza kuvuliwa kupita kiasi, baadhi ya nkejje wamerudi kwa wingi. Wamerudi wachache wa aina, si wote.

Rangi za madume zina kazi gani? Au ni urembo tu?

Swali hili huulizwa na watoto, na ndilo tunalolipenda kuliko yote.

Kuna samaki wawili wa mawe ya upande wa Mwanza wanaofanana umbo: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la kibuluu, na Pundamilia nyererei, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Huyo wa pili alipewa jina hilo kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na wageni wa Tanzania wakisikia hivyo hupiga picha mara moja. Majike wa aina zote mbili huchagua dume kwa rangi. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye matangi, wakawasha taa ya rangi ya machungwa inayofuta tofauti ya bluu na nyekundu. Majike wakashindwa kuchagua, wakachanganyika. Mwaka 1997 walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba ziwani nako, palipo na maji machafu, rangi hufifia na idadi ya aina hupungua.

Kwa hiyo spishi inaweza kupotea bila samaki hata mmoja kuliwa. Jambo hilo usingeligundua kwa kuangalia nyavu za wavuvi tu; lilitaka tangi, taa, na mtu mwenye subira.

Kama mnajua kuwazalisha, kwa nini msiwarudishe ziwani kesho?

Kwa sababu yaliyowaondoa bado yapo. Sangara yupo. Maji bado yana mwani. Ukimwaga nkejje elfu moja pale mwaloni utakuwa umewapa sangara kifungua kinywa.

Halafu kuna mambo yasiyoonekana kwa macho. Samaki waliozaliwa vizazi vingi ndani ya matangi hutokana na wazazi wachache, na damu yao huwa imekaribiana. Wanaweza kubeba ugonjwa ambao huko ziwani haupo. Wakikutana na ndugu zao wa porini wanaweza kuvuruga uzao wa hao waliosalia. Hata miili yao hubadilika. Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja miaka ya 1950 na kuwaelezea nkejje wengi kwa mara ya kwanza, aliandika mwaka 1965 kuhusu nkejje mla konokono anayeitwa Astatoreochromis alluaudi. Waliokuzwa kwenye matangi kwa chakula laini walikuwa na taya la kooni dogo na dhaifu, lisilofanana na la wazazi wao wa ziwani. Tangu tulipojua hilo, wale wa aina yake hupewa konokono wenye magamba yao. Kelele za konokono kuvunjwa huzisikii kupitia kioo, lakini vipande utaviona vikitoka kwenye mashavu.

Kurudisha mnyama porini kunawezekana. Mfano ulio karibu nasi ni chura wa Kihansi wa Tanzania. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Bwawa la umeme likapunguza maji, manyunyu yakaisha, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Lakini mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani, na bustani za wanyama za Bronx na Toledo zikafanikiwa kuwazalisha. Mwaka 2010 mia moja wakarudi Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi. Kabla ya hapo ilibidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia maji bondeni, kwa sababu vyura bila manyunyu wasingemaliza wiki. Nasi kwa nkejje tunasubiri jambo la namna hiyo: makazi kwanza, samaki baadaye.

Nkejje wa Victoria nao wamekuwa wakitunzwa katika akwariamu za Marekani na Ulaya tangu mporomoko ule, baadhi wakiwa wa aina ambazo hazionekani tena ziwani. Inauma kidogo kwamba mtoto wa Boston anaweza kumwona samaki wetu ambaye mtoto wa Kasenyi hatamwona. Inauma, lakini ni afadhali kuliko kutoonwa na yeyote.

Basi uhifadhi wenyewe unafanyika wapi, kama si hapa ndani?

Kwenye vinamasi. Sangara hawezi kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo, nkejje wengi wanaweza. Utafiti wa Ziwa Nabugabo, kule upande wa Masaka, ulionyesha kuwa samaki wa kienyeji walijisalimisha kwenye kingo zenye mafunjo na majani, mahali ambapo sangara hufika kwa shida. Vijiziwa vya jirani kama Kayanja, Kayugi na Manywa, vilivyozungukwa na vinamasi, havina sangara kabisa. Kila ekari ya mafunjo inayofukiwa ili ijengwe kiwanda au ilimwe mpunga ni mlango unaofunguliwa.

Yule kamongo hajasogea tangu tuingie. Amekufa?

Hajafa. Endelea kumtazama. Baada ya dakika kadhaa atainua kichwa polepole, atafika juu, atafungua kinywa na kuvuta hewa kwa sauti kama ya mtu anayefyonza chai ya moto. Kisha atashuka alipokuwa.

Kamongo, mmamba kwa Kiganda, ana mapafu mawili, na akiwa mkubwa hupata hewa yake karibu yote kutoka juu ya maji. Ukimzuia asifike juu atakufa maji, yeye aliye samaki. Ndiyo sababu tangi lake halijazwi hadi ukingoni na kifuniko chake kina matundu. Yuko peke yake kwa sababu wakikaa wawili hunyofoana mapezi. Tunamlisha kwa koleo refu. Taya zake huponda konokono, na kidole hakina gamba.

Kiangazi kikikausha kinamasi, kamongo huchimba tope, hujiviringisha, hujifunika kwa ute unaokauka kuwa ganda, na kusubiri mvua. Hilo hatulifanyi hapa kwa maonyesho, ingawa tunaombwa kila msimu. Linamchosha mwili, anakula misuli yake mwenyewe.

Wageni wa ukoo wa Mmamba wa Buganda, ambao kwao kumla samaki huyu ni mwiko, wengi husimama hapa kwa heshima, na tumewahi kuona mzee akivua kofia. Watu wa Nkejje nao wana tangi lao upande wa pili. Mwiko wa ukoo umehifadhi mengi kabla ya sheria yoyote ya uvuvi kuandikwa.

Wanaouliza ana miaka mingapi: samaki wa jamii hii huishi sana. Binamu yake wa Australia alifika akwariamu ya Shedd, Chicago, mwaka 1933 na akaishi pale hadi 2017. Na wanaokwenda kinamasi cha Mabamba kumtafuta bulwe, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana, wajue kwamba kamongo ndiye chakula anachokipenda. Kamongo wakiisha Mabamba, bulwe hana sababu ya kukaa.

Maji mnayatoa wapi, na mnayabadilisha mara ngapi?

Ya bomba. Watu hushangaa, ziwa likiwa pale mbele. Maji ya ziwa huja na vimelea, mwani na mayai ya konokono. Ya bomba yana klorini, ambayo ni sumu kwa matamvua ya samaki, kwa hiyo hukaa kwenye mapipa usiku kucha yakipulizwa hewa, na hupimwa kabla ya kutumika. Joto lake lazima likaribiane na la ziwani, kati ya nyuzi 23 na 27.

Kila wiki tunabadilisha sehemu, robo hivi. Yote kwa mpigo, kamwe. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huishi kwenye chujio. Ukiosha sifongo la chujio kwa maji ya bomba mpaka ling'ae, umewaua, na kesho samaki watakuwa juu wakitweta. Sifongo huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, linabaki la kahawia, na linanuka kama udongo baada ya mvua. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, jua pampu ilisimama usiku.

Umeme ukikatika, pampu za hewa huhamia kwenye betri. Hilo ndilo linalokula sehemu nono ya kiingilio chako, pamoja na chakula.

Wanakula nini, na kwa nini jike yule hali?

Kila aina na chakula chake: mboga zilizochemshwa, vidonge, mabuu ya mbu, mukene (dagaa) waliokaushwa na kusagwa. Makosa ya wageni huanza hapa. Mkate, chapati na njugu huvimbisha matumbo ya walao mwani, na wengi hawaponi.

Jike asiyekula, mwenye koo iliyotuna, ana mayai mdomoni. Atakaa hivyo wiki mbili hadi tatu. Ukisogea taratibu utaona anatafuna pasipo chakula: anazungusha mayai ili yapate hewa. Siku akiyatema makinda, huelea mbele ya uso wake kama wingu dogo. Mtu akipitisha kivuli, yote hurudi mdomoni kwa mara moja.

Samaki akiugua nani anamtibu?

Kwanza aliyemwona. Mhudumu anayewalisha kila asubuhi anajua nani amekunja mapezi, nani anajikuna kwenye jiwe, nani ana vidoa vyeupe. Huyo huandika daftarini, kisha daktari wa mifugo anaitwa. Samaki mgeni, hata akionekana mzima, hukaa tangi la pembeni wiki nne kwanza, na wavu wake hautumiki kwingine.

Si ukatili kuwafungia?

Inategemea nani na wapi. Nkejje wa mawe ambaye porini analinda eneo dogo anaweza kuishi vizuri kwenye tangi lenye mapango na wenzake wanaomfaa. Sangara anayeweza kufika mita mbili na kilo 200 hafai kufungwa chumbani, na kwa maoni yetu kituo kinachomweka sangara mkubwa kwenye tangi dogo ili watu wapige picha kinastahili kulaumiwa. Hapa utamwona akiwa mchanga tu.

Wanafunzi wanapata nini zaidi ya kutembea?

Inategemea mwalimu. Anayepitisha basi zima kwa nusu saa atarudi na kelele. Anayeomba kikundi kidogo tunakipa tangi moja, karatasi na kazi moja: chora midomo mitatu tofauti, kisha kisia kila mmoja anakula nini. Baadaye tunalisha, na wanajisahihisha wenyewe. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 unataka wanafunzi wafanye badala ya kukariri, kwa hiyo walimu wengi wa bayolojia wanalipenda zoezi hili.

Zoezi jingine ni la kichocho. Tunaweka chini ya hadubini konokono wa mwambao, tunaeleza namna vimelea vinavyotoka kwake na kupenya ngozi ya anayeoga, kisha tunawapeleka kwa nkejje mla konokono. Mtoto wa mwaloni huielewa haraka kuliko wa mjini.

Naweza kugonga kioo? Kupiga picha?

Picha sawa, bila mwanga wa flashi. Kioo usigonge.

Mnawala hawa?

Hapana. Mchana tunakula maharage.

Nataka kuanza tangi nyumbani. Nianzie wapi?

Anza na tangi lisilo na samaki. Jaza maji, washa chujio, weka chembe ya chakula kila siku, na subiri wiki nne hadi sita bakteria wazaliane. Wauzaji hawatakuambia hivyo kwa sababu samaki wanaokufa wiki ya kwanza hununuliwa tena wiki ya pili. Tangi kubwa ni rahisi kulitunza kuliko bakuli. Usichanganye aina za nkejje ambazo majike wao wanafanana: makinda yatakuwa chotara, na hutajua tena una nini.

Samaki wangu wamenishinda. Niwaachie ziwani?

Usiwaachie ziwani, mtoni, wala kwenye mfereji. Hata wakiwa ni wa ziwa hilihili, wanaweza kuwa na ugonjwa wa dukani, na konokono au mimea ya tangini huenda nao. Acha kuwalisha siku moja kabla, watie kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, kwa maji yao wenyewe yasiyozidi nusu, uwalete asubuhi kabla jua halijapanda. Tukiwa na nafasi tutawapokea. Tusipokuwa nayo tutakutafutia mfugaji. Mimea uliyotoa tangini ianike juani hadi ikauke kabisa ndipo uitupe.